Kugawa neti ya hosteli bila kumuonea mtu

Wadau wenye hosteli na nyumba za wapangaji huku Iyunga na Uyole, hili la Wi-Fi tuliongee vizuri maana naona watu wanaumia bure. Juni na Julai baridi ya Mbeya ikishika kila mtu yupo chumbani na simu, mmoja anashusha gemu la GB 40 na wengine wote hata picha ya WhatsApp haiendi, halafu mwenye nyumba anaambiwa alipie kifurushi kikubwa zaidi. Akilipia, gemu linameza na hicho.

Wengi dawa yao ni kumfungia kila mtu spidi ya 1 Mbps. Mi hiyo sikubaliani nayo kabisa. Una 20 Mbps, saa nane usiku yupo macho mwanafunzi mmoja tu anamalizia kazi ya chuo, na bado umembana na 1 wakati 19 zimelala! Kinachotakiwa rauta igawe sawa kwa wale wanaotumia muda huo, wakiwa wengi kila mtu apate kidogo, akibaki mmoja achukue zote.

Kwenye rauta za MikroTik hiyo kitu inaitwa PCQ, yaani aina ya foleni inayogawa spidi sawa, na ipo tayari humo ndani. Kwanza pima spidi ya kupakia na ya kushusha, ila pima saa mbili saa tatu usiku watu wakiwa wamejaa, hasa kama unatumia laini ya 4G, maana spidi ya alfajiri itakudanganya. Ukipata 20, kwenye kikomo cha rauta (Max Limit) andika 18. Hapo ndo wengi wanabisha, wanaona wanapoteza 2 bure, lakini ukiandika 20 au zaidi foleni inajipanga kule kwa mtoa huduma ambako huna amri nayo, ukishusha kidogo foleni inakaa kwenye rauta yako na wewe ndo unaamua nani apite. Kwa 18 wakiwa watu sita kila mmoja ana 3, inatosha kabisa kuangalia video.

Fungua Winbox, ile programu ya kuendeshea MikroTik, ingia Queues, Simple Queues, bonyeza alama ya kujumlisha. Target weka mtandao wako wa ndani, mfano 192.168.88.0/24, Max Limit weka zile namba zako za kupakia na kushusha. Nenda Advanced, kwenye Queue Type chagua pcq-upload-default upande wa kupakia na pcq-download-default upande wa kushusha. Basi.

Ukiona hakuna kilichobadilika, angalia IP, Firewall, Filter Rules, kuna mstari wa fasttrack (njia ya mkato ya data), uzime kisha uwashe rauta upya. Data inayopita njia hiyo inaziruka hizi Simple Queues. Ila ukiuzima CPU, ule ubongo wa rauta, inafanya kazi zaidi, kwa hiyo kama rauta ni ndogo ichungulie.

Kupima, piga ping 8.8.8.8 (inaonyesha jibu linachukua milisekunde ngapi kurudi) wakati mtu anashusha faili kubwa. Namba ikiruka kutoka 40 mpaka 600, punguza Max Limit kidogo kidogo mpaka itulie.

Na kumbuka PCQ inahesabu anwani za vifaa, haihesabu watu, mwenye simu, laptop na TV anakula mafungu matatu. Kama hilo linaleta ugomvi, weka Hotspot (ukurasa wa kuingilia mtandao) yenye vocha, kila mpangaji na yake, Shared Users iwe 1, ila waambie wapangaji kabla hujawasha kwamba vocha moja ni kifaa kimoja kwa wakati mmoja.