Waifai ikianza kustuka-stuka, pingi rauta kwanza

Wadau, kama gemu au kolu ya video inaganda sekunde mbili tatu halafu inarudi kama hakuna kilichotokea, msikimbilie kumpigia mtoa huduma, kwanza jueni tatizo liko ndani ya nyumba au nje. Kwenye Windows fungua cmd mbili (dirisha la kuandikia amri), moja andika ping -t 192.168.1.1 au anwani yoyote ya rauta yako, nyingine ping -t 8.8.8.8 (seva ya Google, iko nje ya nyumba), ping inapima jibu linachukua muda gani kurudi, ziache zikimbie huku unaendelea na mambo yako.

Ya rauta ikiwa inakaa 2ms, 3ms (milisekunde), halafu ghafla inaruka 400, hiyo ni waifai yenyewe, hapo hamia bendi ya 5GHz kama uko karibu na rauta, na ukibaki bendi ya 2.4GHz chagua chaneli 1, 6 au 11 maana hizo ndo haziingiliani, ukikaa katikati unakula kelele za majirani wa pande zote. Maikrowevu nayo iko humo humo kwenye 2.4, mtu anapasha wali jikoni wewe unakufa kwenye gemu.

Lakini rauta ikitulia na 8.8.8.8 ndo inapanda, angalia nani anaaplodi, mara nyingi ni simu ya mtu inabakapu picha kimya kimya, foleni inajaa na kila kitu kinasubiri nyuma yake. Isimamishe uone. Ikishuka, ingia kwenye rauta utafute SQM au QoS (mipangilio ya kusimamia foleni ya data), weka aplodi kama asilimia 90 ya spidi unayopata kweli. Kama hakuna anayeaplodi na bado inapanda, sasa mpigie mtoa huduma, na skrinshoti za hizo pingi unazo.