Jinsi ya kuielewa sheria ya Warumi bila kukariri Kilatini

Wengi wakipewa hii mada wanakimbilia kumeza misemo ya Kilatini, alafu mtihani ukija na stori wanakwama. Wewe anza na kesi.

Vitabu vyenyewe vijue fasta tu: kuna Mbao Kumi na Mbili, sheria za mwanzo za Roma zilizoandikwa, za kama 450 KK, alafu mkusanyiko wa Kaisari Justinian uliotoka kati ya 529 na 534, na humo ndani kuna Digesta, vitabu 50 vya maoni ya wanasheria wa zamani. Utamu uko kwenye Digesta.

Chukua ile ya kinyozi. Kinyozi anamnyoa mtumwa wa mtu, pembeni jamaa wanacheza mpira, mmoja kaupiga kwa nguvu ukampata kinyozi mkononi, wembe ukamkata mtumwa koo. Nani alipe? Usiropoke jibu, pita kwanza kwenye mpangilio wa Gaius, mwanasheria wa Kirumi: watu, mali, na madai. Hapo utaona anayedai ni bwana wa mtumwa, maana mtumwa kwa Warumi alihesabiwa mali (inaudhi, lakini usiruke, sehemu kubwa ya sheria yao imekalia hapo), na anadai kwa Lex Aquilia, sheria ya kulipia hasara.

Sasa tafuta kosa. Humo kwenye Digesta wanasheria watatu wanabishana: Mela anasema alipe yeyote atakayeonekana na kosa, Proculus anambana kinyozi, Ulpian anakubali kwamba kama kanyolea sehemu watu wamezoea kucheza au wapita njia ni wengi basi lawama anayo, ila anaongeza kuwa anayejipeleka kwa kinyozi aliyeweka kiti sehemu ya hatari ajilaumu mwenyewe. Hayo mabishano ndo ya kuandika kwenye mtihani, sio jibu moja.

Ukimaliza fuatilia hilo wazo la kosa lilikofika. Liliingia kwenye kitabu cha sheria za kiraia cha Napoleon, Ufaransa, cha 1804, Wabelgiji wakalibeba mpaka Kongo, ndo maana mtu wa Lubumbashi aliyegongewa gari lake anadai kwa kifungu cha 258 cha sheria ya kiraia ya Kongo, kwamba anayemtia mwenzie hasara kwa kosa lake alipe. Sisi wa Tanzania na Kenya tulirithishwa ya Waingereza, kwahiyo huku utahangaika kuiona Roma waziwazi. Kasome hukumu za Afrika Kusini, Waholanzi waliipeleka sheria ya Warumi kule na majaji wao mpaka leo wanaitaja Lex Aquilia kwa jina.