Ukialikwa Kanisa la Kilutheri Likizoni: Mwongozo kwa Wanaorudi Nyanza

Wengi wetu tulioondoka magharibi mwa Kenya hatukulelewa Kilutheri. Wa Nyamira huenda alikua Msabato, wa Vihiga akakua katika kanisa la Friends (Quaker), wa Siaya akawa Mwanglikana au Mkatoliki. Halafu unaoa au unaolewa, unarudi Desemba na watoto waliozaliwa Minneapolis au Hamburg, na Jumamosi jioni baba mkwe anasema: kesho mtakwenda nasi kanisani. Ukiuliza kanisa gani, unaambiwa Lutherani.

Usihofu. Ibada hii huonekana ngumu kwa mgeni kwa sababu ina utaratibu ulioandikwa, lakini utaratibu huohuo ndio unaomwokoa mgeni. Wakisimama, simama, wakiketi, keti. Mambo yanayohitaji maandalizi ya kweli ni mawili tu: Meza ya Bwana, na ile dakika ya kuwatambulisha wageni. Ya kwanza uulize mapema. Ya pili uiandalie maneno.

Kwanza jua unakwenda kwa nani. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Kenya, ambalo watu hulitaja kwa herufi ELCK, lilianza mwaka 1948 kwa kazi ya wamisionari kutoka Uswidi waliofika Wanjare, katika nchi ya Wakisii. Ndiyo maana mpaka leo Gusii ni kama nyumbani kwake, na wachungaji wake wengi wamepitia chuo cha theolojia cha Matongo. Lipo pia kanisa jingine la Kilutheri nchini, KELC (Kenya Evangelical Lutheran Church), lenye historia yake, kwa hiyo usidhani kila bango lenye neno Lutheran ni la kanisa moja. Watanzania wanaosoma hapa wanalijua KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lililoundwa mwaka 1963 makanisa saba yalipoungana. Ni ndugu, lakini kila ndugu na nyumba yake.

Tofauti moja itakushtua ukitoka Ulaya. Nchini Uswidi wanawake wamekuwa wakibarikiwa kuwa wachungaji tangu 1960, na KKKT nalo lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990. ELCK halibariki wanawake kuwa wachungaji. Kama kwenu ng'ambo mchungaji ni mama, na watoto wako wameshamzoea, waeleze kabla ya kufika, wasije wakauliza kwa sauti katikati ya mahubiri. Meza ya chakula cha mchana kwa wakwe nayo si mahali pa kuanzishia mjadala huo. Hayo ni maoni yangu tu.

Kuhusu safari: ukitoka Kisumu utapita Ahero, Sondu na Oyugis, ukitoka Nakuru, njia ya Kericho na Sotik. Makanisa mengi ya mashambani yako nje ya lami, na mvua ya mchana ikinyesha, barabara ya udongo huteleza vibaya, kwa hiyo usikodi gari dogo la chini. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi kuna baridi ambayo aliyelala Kisumu hakuitarajia, basi watoto wabebe sweta. Mavazi yawe ya heshima ya kawaida: mwanamke gauni au sketi inayopita magoti, na leso kwenye mkoba iwapo akina mama wa pale wanafunika kichwa. Kaptura iache nyumbani hata kama jua ni kali.

Ndani, tazama rangi ya kitambaa cha madhabahuni na stola ya mchungaji, kile kitambaa kirefu cha shingoni. Kabla ya Krismasi ni majira ya Majilio, na rangi yake ni zambarau. Mwaka wa kanisa huanzia hapo. Krismasi ikifika huwa nyeupe. Mchungaji huvaa kanzu nyeupe, na Mkatoliki atajiona yuko nyumbani mpaka atakapoona mtu huyo ana mke na watoto wamekaa benchi la mbele. Katika baadhi ya makanisa ya mashambani wanaume huketi upande mmoja na wanawake upande mwingine. Simama mlangoni kidogo uone kabla hujaingia na familia yako kwa msururu.

Ibada yenyewe huanza kwa wimbo, kisha kwa Jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Hapo karibu kabisa na mwanzo kuna maungamo: watu wote pamoja wanakiri dhambi, na mchungaji anatangaza ondoleo. Aliyezoea makanisa ya uamsho, ambako toba huja mwishoni baada ya mahubiri na piano ya polepole, huona jambo limepinduliwa. Walutheri wanaona kuwa huwezi kulisikia neno vizuri ukiwa bado umebeba mzigo, basi unautua mlangoni. Kisha linakuja ombi la Bwana utuhurumie, utukufu kwa Mungu, na sala ya siku. Usishangae mchungaji akiimba sehemu hizi na watu wakamjibu kwa kuimba. Anayezijua ibada za Göteborg, kule Uswidi, atazitambua kwa umbo lake hata kama lugha ni Kiswahili, Ekegusii au Dholuo.

Masomo mara nyingi ni matatu: Agano la Kale, Waraka, na Injili. Injili husomwa watu wamesimama. Mahubiri hufuata Injili ya siku hiyo, kwa hiyo mhubiri hana uhuru mkubwa wa kuchagua anachotaka kuwapiga nacho, na mimi binafsi hilo hulipenda. Watu hukiri imani kwa sauti, kwa kawaida Imani ya Mitume. Mtu wa Friends, ambao walianza Kaimosi mwaka 1902 na hawana ubatizo wa maji wala mkate na divai, ndiye atakayeona vitu vingi vipya siku hiyo.

Sasa Meza ya Bwana. Si kila Jumapili utaikuta. Mchungaji mmoja anaweza kuhudumia makanisa kadhaa, na siku asipokuwepo mwinjilisti huongoza ibada ya neno. Ikiwepo, usisimame kwenye foleni kwa sababu wengine wamesimama. Walutheri hufundisha kwamba mwili na damu ya Kristo vipo kweli pamoja na mkate na divai, si kumbukumbu tu, na kwa hiyo ELCK hupenda kumjua anayekuja mezani: amebatizwa, amefundishwa katekisimo, yaani mafundisho ya msingi ya imani, na amepata kipaimara, ibada ya kuthibitishwa katika imani. Katekisimo hiyo ndogo Luther aliitoa mwaka 1529, na vijana huisoma kabla ya kipaimara mpaka leo. Makanisa mengi ya Kilutheri ya Ulaya na baadhi ya Marekani humkaribisha kila aliyebatizwa. Huku usibebe zoea hilo. Mtafute mchungaji au mzee wa kanisa kabla ya ibada, jieleze kwa ufupi, uulize. Akisema subiri, baki umeketi, hakuna atakayekutazama vibaya. Kwenda bila kuuliza ndiko kutakakomweka mkweo katika maelezo marefu wiki nzima.

Baada ya hapo, au kabla, kutegemea kanisa, huja matangazo, na ndani yake: wageni wasimame. Ukitoka majuu huwezi kujificha. Salimu "Bwana asifiwe", taja jina lako, umetoka wapi, nani amekuleta, na leta salamu za kanisa lako. Sentensi nne zinatosha. Usianze kueleza baridi ya Minnesota wala visa. Kama kuna kupeana mikono ya amani, fuata wenyeji, na kwa mama mkwe subiri yeye aanze. Kuna nyumba za Gusii na za Luo ambako heshima ya wakwe bado ina mipaka yake hata kanisani.

Sadaka: beba noti ndogo za shilingi. Dola zako zitamsumbua mhazini ambaye benki iko mbali naye. Ukitaka kutoa kubwa, uliza namba ya M-Pesa ya kanisa, si ya mtu. Kuna Jumapili ambazo watu huleta mazao, na baada ya ibada kuna mnada: kuku, mkungu wa ndizi, mua. Mgeni kutoka ng'ambo hutarajiwa kunyanyua bei kidogo. Weka kiwango kichwani kabla hujaanza, maana wauzaji hawa wana vichekesho vinavyotoboa mfuko. Ukishinda kuku na unarudi Kisumu jioni, mpe mama mjane aliyekaa nyuma, au mchungaji. Watu watakumbuka zaidi hilo kuliko bei.

Kwa jumla tenga saa mbili na nusu, tatu kukiwa na Meza au ubatizo. Watoto watachukuliwa shule ya Jumapili, wape maji ya kunywa kabla.

Na ukitaka mtoto wako abatizwe hapa kwa babu yake, jambo ambalo wanadiaspora wengi hulitaka, anza miezi mingi kabla ya kukata tiketi. Walutheri hubatiza watoto wachanga, kwa hiyo umri si tatizo, ila mchungaji atataka kujua wewe mzazi unasali wapi, na nani watakuwa wasimamizi wa mtoto. Omba barua kutoka kanisa lako la huko. Kisha ukifika, omba cheti cha ubatizo siku hiyohiyo kikiwa na mhuri na majina yameandikwa kama yalivyo kwenye pasipoti ya mtoto, kwa sababu kurekebisha herufi moja ukiwa Stockholm ni kazi ya kumtuma shemeji mara tatu.