Kufungua udalali wa mizigo Marekani: leseni ni rahisi, pesa ya katikati ndiyo ngumu

Niliendesha lori miaka sita kabla sijahamia upande wa pili wa simu. Miaka yote hiyo niliamini dalali ni mtu aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka, anakula jasho langu kwa maneno matupu. Nilipokaa kwenye kiti hicho mwenyewe ndipo nikaelewa kwa nini yule mtu hakuwa anapokea simu Ijumaa jioni. Alikuwa anahangaikia pesa za kunilipa, na yeye mwenyewe hajalipwa.

Nawaandikia Waswahili wenzangu mlioko huku, hasa mnaoendesha na mnaofanya kazi ya dispacha, maana haipiti wiki bila mtu kuniuliza, "Kaka, hiyo MC ya udalali inapatikanaje?" MC ni namba ya kibali chenyewe. Jibu la swali hilo ni fupi. Wasichoniuliza ndicho kirefu.

Kwanza ujue unafungua nini. Dalali, au broka, anapanga usafiri kati ya mwenye mzigo na mwenye lori, analipwa kwa kupanga, na habebi chochote. Dispacha anamfanyia kazi mwenye lori: anamtafutia mizigo na analipwa na yeye. Mpaka huo wengi wetu huuvuka usingizini. Unaanza na lori la shemeji, kisha la rafiki wa shemeji, mara una malori saba ya kampuni tano, mwenye kiwanda anakupigia wewe, wewe ndiye unayeamua nani abebe, na pesa inapita kwenye akaunti yako. Hapo umeshakuwa dalali asiye na kibali, na sheria ina faini ya maelfu ya dola kwa kila kosa. FMCSA, idara ya serikali kuu inayosimamia malori, ilitoa mwongozo kuhusu jambo hili hili Juni 2023. Usome kabla hujachapisha kadi za biashara.

Makaratasi nayapitia haraka. Unasajili kampuni kwenye jimbo lako, wengi huchagua LLC, kampuni ambayo madeni yake hayaingii kwenye mali yako binafsi. Unachukua namba ya kodi, EIN, kutoka IRS, idara ya kodi ya serikali kuu. Ni bure, ukiona tovuti inakutoza ujue umepotea njia. Unafungua akaunti ya benki ya kampuni, na usithubutu kuichanganya na ya nyumbani. Kisha unaomba kibali cha udalali kwa FMCSA kwa njia ya mtandao. Ada ni dola 300, na hazirudi hata ukikosea kuchagua aina ya kibali, kwa hiyo soma vizuri: udalali wa vyombo vya nyumbani, yaani wa watu wanaohama, ni kibali kingine na una kanuni zake. Ombi likipokelewa linatangazwa kwenye rejista yao, na kuna siku 10 za mwenye pingamizi kulileta. Wakati huo wakala anakujazia BOC-3, fomu inayotaja nani atapokea hati za mahakama kwa niaba yako majimboni, na dhamana yako inawasilishwa. Kuna pia usajili wa UCR wa kila mwaka, ambao kwa dalali ni pesa ndogo.

Dhamana ndiyo inayowatisha watu. Kiwango ni dola 75,000. Kabla ya Oktoba 2013 kilikuwa 10,000 tu. Zipo njia mbili. BMC-85 ni kuweka fedha zote kwenye amana. BMC-84, ambayo ndiyo ya wengi wetu, ni kampuni ya dhamana kukusimamia, nawe unailipa ada ya mwaka ambayo ni asilimia fulani ya zile 75,000. Mwenye rekodi nzuri ya mikopo hulipa kama elfu moja na ushei, aliyechafua rekodi hulipa mara kadhaa ya hapo. Kwa hiyo mwaka mmoja kabla ya kuomba, kaa sawa na kadi zako za mkopo. Na usidhani hiyo ni bima yako. Mwenye lori usiyemlipa akidai kwenye dhamana na akalipwa, kampuni ya dhamana itakurudia wewe, hadi senti ya mwisho.

Kibali kikitoka, simu yako haitapumua. Watakupigia wauza bima, zitakuja barua zenye nembo ya tai zikidai ada ambazo hazipo, na baada ya miezi kadhaa atatokea mtu anayetaka kununua MC yako kwa bei nzuri ajabu. Usiuze. Anataka jina lenye umri ili akaibie nalo.

Sasa tuje kwenye pesa ya katikati, ile unayomtangulizia mwenye lori kabla mteja hajakulipa.

Tuchukue mzigo wa Columbus, Ohio, kwenda Atlanta, kama maili 570. Mwenye mzigo anakulipa 1,600, wewe unampa mwenye lori 1,400, unabaki na 200. Ukipata mizigo kumi kama hiyo kwa wiki, utajiona umefika. Lakini kiwanda kinalipa baada ya siku 45, na hizo ni siku za mteja mwema. Mwenye lori mdogo ana dizeli na marejesho ya lori, hawezi kukusubiri wewe. Ukimlipa ndani ya siku mbili, kila wiki zinatoka 14,000, na kabla hundi ya kwanza haijafika zimepita wiki sita. Hizo ni dola 84,000 ulizozitanguliza, huku faida yako yote ikiwa ni 12,000 za kwenye karatasi. Kadiri unavyouza sana ndivyo unavyokauka. Nimeona mtu akifunga ofisi katika mwezi aliopata mizigo mingi kuliko yote.

Basi usilipe mapema, utasema. Jaribu. Wenye malori wengi huuza ankara zao kwa kampuni zinazowapa pesa siku hiyo hiyo kisha zinamdai dalali. Kampuni hizo zina orodha ya madalali zinaowaamini, na wewe wa jana haumo. Mzigo wangu wa kwanza niliupigia simu siku nzima. Tulikuwa tunakubaliana bei, dereva anasema ngoja niulize, anarudi: "Wamekukataa, hauna historia." Wakafanya hivyo kumi na moja. Wa kumi na mbili alikubali baada ya kumwambia nitamtumia pesa benki mara tu nikiiona hati yenye sahihi ya mpokeaji, na nikafanya hivyo kabla hajatoka uani. Mtu huyo ananibebea mpaka leo.

Njia niliyoishika ni hii. Niliweka akiba ya kulipia mizigo mitatu kwa wiki kwa wiki sita, na nikakataa wa nne hata ulipokuja wenyewe. Inauma, lakini inalipika. Baadaye nikaanza kuuza ankara zangu mimi, nikapoteza asilimia kidogo, nikapata usingizi. Ukiuza zako, weka gharama hiyo kwenye bei tangu unapomtajia mteja. Na kabla ya kumpa mteja mpya siku 30 au 45, angalia rekodi yake ya ulipaji. Kiwanda kinachobadilisha madalali kila mwezi kina sababu, na sababu si bei.

Kama huna akiba hiyo, hakuna aibu kuanza kama wakala chini ya dalali mwenye kibali. Yeye anabeba dhamana, anawalipa wenye malori na anakimbizana na ankara. Wewe unaleta wateja na mnagawana faida. Unajifunza kwa mtaji wa mwenzio. Ila soma kifungu cha wateja ni wa nani siku ukiondoka.

Wateja wenyewe usiwatafute kwenye lodi bodi. Ubao huo wa mizigo (DAT, mmoja wa mbao hizo, ilianza mwaka 1978 kwenye kituo cha malori cha Jubitz, Portland, Oregon, kabla ya intaneti yenu) ni mahali pa kutafuta malori. Mwenye mzigo anatafutwa kwa simu. Dereva wa zamani ana faida hapa: unajua ghala gani hukawia na kiwanda gani kina mlango mmoja wa kupakia. Mimi nilianza na viwanda vidogo visivyo na mtu wa usafirishaji, ambako simu anaipokea mwenye kampuni mwenyewe. Lakini kumbuka ulisaini nini ulipokuwa unabeba. Mikataba mingi ya madalali ina kifungu cha kutomfuata mteja wao kwa muda fulani, na aliyekupa mzigo jana anaweza kukushtaki kwa kumchukulia mteja leo.

Usiwaahidi wateja njia za nchi nzima. Chagua njia mbili tatu uzijue kama njia ya kwenda kazini. Njia zina tabia. Kuingia Florida lori linalipwa vizuri, kutoka ni shida, kwa sababu jimbo hilo linakula kuliko linavyozalisha. Subiri msimu wa mboga na matunda wa masika, mambo yanageuka. Asiyejua hilo humtajia mteja bei moja ya mwaka mzima, akalia Aprili.

Na hesabu saa za dereva kabla ya kuahidi muda. Kisheria anaendesha saa 11 ndani ya dirisha la saa 14 tangu aanze kazi, na mapumziko ya nusu saa baada ya saa 8 za kuendesha. Rudi kwenye mzigo wetu wa Atlanta. Dereva ameanza kazi na kufika ghalani saa moja asubuhi, wamempakia saa sita mchana. Dirisha lake linafungwa saa tatu usiku. Zimebaki saa tisa, toa nusu saa, kwa mwendo wa maili 60 kwa saa atakuwa amefika maili 510. Sitini zilizobaki atazimaliza kesho, baada ya kupumzika saa 10. Kama ulimwambia mteja "saa moja asubuhi uko mlangoni", umedanganya bila kukusudia, na dereva atalaumiwa kwa kosa la ghala. Saa mbili za kwanza za kupakia kwa kawaida ni bure, zaidi ya hapo dereva anadai fedha za kusubiri. Kubaliana nazo na mwenye mzigo kwa maandishi mapema, la sivyo zitatoka kwenye zile 200 zako.

Kuna funzo moja nililolipa mara mbili, kwa maana halisi ya neno. Mwaka wangu wa kwanza kampuni fulani ilinipigia kuhusu mzigo niliouweka kwenye ubao. Sauti nzuri, bima ipo, kibali kipo hai. Mzigo ukapakiwa, ukafika, nikapokea hati yenye sahihi, nikalipa siku hiyo hiyo kama desturi yangu. Wiki mbili baadaye simu ikaita, mtu aliponisikia nikijitaja jina akahamia Kiswahili cha Bukavu: "Kaka, mimi ndiye nilibeba. Sijalipwa." Yule niliyempa mzigo aliutoa tena kwa mwingine kwa jina langu, akachukua pesa, akayeyuka. Namba ya simu ilikuwa imekufa. Kisheria ningeweza kubishana. Nikamfikiria mtu aliyeendesha usiku kucha na mzigo wa mteja wangu, nikamlipa.

Tangu hapo kila lori jipya linapitia mlango mmoja. Naingia SAFER, tovuti ya bure ya FMCSA: kibali kiko hai, kina umri gani, bima imesajiliwa? Kilicho chini ya miezi sita sikichukui mpaka nimjue mtu. Kisha napiga simu kwenye namba iliyoandikwa huko, si ile iliyokuja kwenye barua pepe. Hapo ndipo wengi hunaswa, maana mwenye kampuni halisi anashangaa: "Mzigo gani?" Cheti cha bima nakiomba kwa wakala wa bima mwenyewe, kisitoke kwa mwenye lori, sheria inadai bima ya dhima ya dola 750,000 angalau kwa malori makubwa ya mizigo ya kawaida, sisi huwa tunataka milioni moja, na bima ya mzigo ya 100,000. Naangalia barua pepe herufi kwa herufi. Mwizi anapenda kuongeza "s" moja. Mkataba wangu una sharti kwamba mzigo hautolewi kwa mwingine, na hati ya kuthibitisha bei ina namba ya lori, ya trela na simu ya dereva.

Kila kitu nakihifadhi. Kanuni ya 49 CFR 371.3 inataka kumbukumbu ya kila mzigo, ikiwemo ulicholipwa na ulicholipa, zikae miaka mitatu, na mwenye mzigo au mwenye lori ana haki ya kuziona. Nilipokuwa dereva sikujua nina haki hiyo. Kwa hiyo weka faida ambayo hutaona haya mtu akiisoma.

Ukaguzi wa mwisho unafanyika mlangoni kwa ghala. Nawaomba wasipakie mpaka wanisomee jina na namba ya USDOT, namba ya usajili ya kampuni, vilivyoandikwa kwenye mlango wa lori. Mwanzo waliniona msumbufu. Siku hizi yule dada wa ghala akinipigia, kabla hata ya salamu ananisomea mlango.