Somo: Greda likiandika "hakuna mawasiliano", pima nyaya mbili kabla ya kununua kompyuta

Ndugu mafundi, somo hili limetokana na greda lililosimama siku tatu huku upande wa Uvinza, mvua ikiwa karibu kuanza na tuta la barabara likiwa bado wazi. Dashibodi ilikuwa inazimika kila greda likikata kona, gia zinagoma, kodi (namba za makosa zinazotolewa na kompyuta) zimejaa. Wenzetu walishaagiza kompyuta mpya ya injini kutoka Dar. Ilifika, ikafungwa, na kosa likabaki palepale. Ugonjwa ulikuwa kwenye waya mmoja wa kijani, pale kwenye kiungo greda linapojikunja katikati. Klampu ilikuwa imeusugua ganda mpaka likatoboka tundu la ukubwa wa punje ya mchele. Nilipolichana, shaba ya ndani ilikuwa nyeusi kama masizi ya sufuria, nikaikata kwa kucha. Fedha ya kompyuta ndiyo imekwenda hivyo.

Mitambo ya sasa haina waya wa peke yake kwa kila kazi. Kompyuta ya injini, ya gia, ya haidroli na dashibodi zote zinaongea kupitia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja: CAN H (ya volti ya juu) na CAN L (ya volti ya chini). Bosch waliutambulisha mfumo wa CAN mwaka 1986, na mitambo mizito mingi huutumia kwa utaratibu uitwao J1939. Kila mwisho wa mstari, yaani wa nyaya hizo mbili, kuna rezista (kizuizi cha umeme) ya omu 120; omu ni kipimo cha ukinzani. Ukipima zote mbili kwa pamoja unapata omu 60. Hiyo 60 iweke kichwani.

Hatua ya 1: Soma kodi zote, ziandike, usifute kwanza. Angalia nani anamlalamikia nani. Kama kompyuta tatu zinasema hazimsikii gia, na gia mwenyewe yuko kimya, huyo gia ndiye mgonjwa. Anza na fyuzi yake, umeme wake na athi yake (waya wa hasi unaofungwa kwenye chesisi). Kama kila mmoja anamlalamikia kila mmoja, shuku mstari wenyewe. Kodi ya SPN 639 (SPN inataja sehemu yenye kosa) inazungumzia mstari wa J1939, na FMI 9 (FMI inataja aina ya kosa) maana yake ujumbe haufiki kwa wakati wake.

Hatua ya 2: Betri na athi. Hapa usikae sana, ila usiparuke. Volti zikianguka mno wakati wa kupiga stata, kompyuta inajizima na kuwaka upya, na kodi za mawasiliano zinabaki nyuma yake. Fungua boliti za athi kwenye chesisi, zikwangue mpaka chuma king'ae.

Hatua ya 3: Pima omu. Kata umeme kwenye swichi kuu ya betri, subiri dakika chache. Ukipima mstari ukiwa na umeme, namba utakayopata ni ya uongo. Nenda kwenye plagi ya kupimia, ile ya duara yenye pini 9. CAN H ni pini C, CAN L ni pini D. Waya wa H kwa kawaida ni wa njano na L ni wa kijani, ila watengenezaji wengine wana rangi zao, kwa hiyo fuata mchoro wa mtambo wako.

Ukipata karibu na 60, mstari umefika pande zote mbili. Ukipata 120, rezista moja haionekani: ama imeondolewa, ama waya umekatika njiani. Ukipata karibu na sifuri, H na L zimegusana. Ukipata 40, kuna rezista ya tatu ambayo mtu ameiongeza.

Sasa mwite msaidizi. Wewe kodolea macho mita, yeye atikise nyaya taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Greda lile lilisoma 60 safi likiwa limetulia. Kijana aliposhika nyaya za kwenye kiungo, mita ikaruka 120, ikarudi 60, ikaruka tena. Jibu likawa limepatikana, na tulitumia kama dakika ishirini tu.

Hatua ya 4: Pima volti. Rudisha umeme, fungua swichi bila kuwasha injini, waya mweusi wa mita uwe kwenye athi. H inatakiwa kuwa juu kidogo ya volti 2.5, L chini kidogo ya 2.5, na ukizijumlisha zikaribie 5. Ukikuta volti 24 kwenye mmoja wao, umegusana na umeme wa betri. Ukikuta sifuri, umegusa athi.

Hatua ya 5: Gawa mstari katikati. Zima, kata umeme, chomoa plagi kubwa kati ya kabini na chesisi. Kila upande sasa unapaswa kusoma omu 120, kwa kuwa umebaki na rezista moja. Upande unaosoma tofauti ndiko ugonjwa uliko. Kumbuka, kompyuta nyingine zina rezista ndani yake, kwa hiyo ukiichomoa usishtuke kuona 120.

Hatua ya 6: Kutengeneza. Tafadhali, usisokote waya kwa vidole na kuzungushia tepu. Lehemu au bana kwa kiungio kizuri, weka mpira unaosinyaa kwa moto, na usiweke viungo viwili mahali pamoja. Rudisha msokoto wa nyaya hadi karibu kabisa na kiungo, maana msokoto ndio unaozuia makelele ya umeme. Na usitoboe ganda kwa sindano ili upime. Kitundu hicho ndicho maji yatakapopitia masika.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Kasulu: Mkuu, tumefunga kifaa cha kufuatilia mafuta kwenye kijiko (mtambo wa kuchimba), tangu siku hiyo kodi haziishi. Mita inasoma 40.

Jibu: Kifaa chenu kina rezista yake. Iondoeni au izimeni kama kina swichi ya kuzimia. Halafu pimeni tawi la waya mlilochepusha: kwa J1939 lisizidi mita 1. Wengine wanavuta mita tatu mpaka chini ya kiti.

Mwanachama, Tabora mjini: Shikamoo fundi. Niko field, nimeambiwa nichomelee baketi ya wili loda. Kuna hatari kwa kompyuta?

Jibu: Marahaba mwanangu. Ipo. Kata swichi kuu, toa vichwa vya betri, chomoa plagi za kompyuta, na athi ya mashine ya kuchomelea ibane karibu kabisa na unapochomelea. Umeme usipite kwenye pini wala kwenye bearingi. Msimamizi akikuharakisha, mwambie kwa heshima kwamba unahitaji dakika kumi.

Mwanachama, Kaliua: Kaka, greda langu linasumbua asubuhi tu baada ya mvua. Saa sita mchana linapona lenyewe. Omu ni 60.

Jibu: Unapima likiwa limeshakauka. Pima alfajiri, kabla jua halijapanda. Anza na plagi za chini ya kabini na zile zilizo karibu na tangi la haidroli. Vumbi letu jekundu likichanganyika na maji ndani ya plagi linakuwa uji unaopitisha umeme. Angalia pia kama raba za kuzuia maji zimebaki, na kama kuna mtu anaosha mtambo kwa maji ya presha akielekeza kwenye plagi. Ukiifungua, piga picha pini kabla hujazisafisha, ututumie hapa tuone rangi ya kutu.