Kumtafuta Chui Milia India ya Kati: Anza na Kibali, Hoteli Baadaye

Wageni wengi kutoka kwetu huanza kwa kutafuta hoteli. Kwenye hifadhi za chui milia za India ya kati, huko ni kuanzia mkiani. Kila lango huruhusu idadi maalumu ya magari kwa asubuhi na kwa alasiri. Nafasi zikijaa, hata ukilala mita mia kutoka getini, huingii.

Hatua ya 1: Chagua mwezi. Maeneo ya kiini, yaani sehemu za ndani za hifadhi, katika jimbo la Madhya Pradesh hufunguliwa kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Juni, kisha mvua za monsuni huyafunga. Aprili na Mei joto hupita nyuzi 40, majani yamepukutika, maji yamebaki kwenye madimbwi machache, na chui milia huyafuata. Kama nia yako ni kumwona, vumilia joto hilo. Ukiwa na watoto au wazee, Februari na Machi ni afadhali.

Hatua ya 2: Chagua hifadhi mbili, si tano. Kanha ina misitu ya miti iitwayo sal na mbuga pana za majani. Ndiko alikookolewa barasingha, paa wa pembe nyingi aliyekaribia kutoweka kabisa. Bandhavgarh ni ndogo zaidi, ina ngome ya kale juu ya kilima, na wengi huipenda kwa sababu chui milia huonekana mara kwa mara. Pench ina misaji mingi na iko karibu na mji wa Nagpur, kama saa mbili kwa gari. Tadoba iko jimbo la Maharashtra, nayo pia hufikiwa kutoka Nagpur. Kwa safari ya kwanza nashauri Pench na Kanha, kwa kuwa ziko njia moja. Tenga angalau mizunguko minne ya gari, ya asubuhi au alasiri, kwa kila hifadhi. Mzunguko mmoja ni bahati nasibu.

Hatua ya 3: Kata kibali. Vibali hutolewa mtandaoni, kwa lango, tarehe na kipindi maalumu. Nunua mapema nafasi zinapofunguliwa, hasa kwa Desemba na wikendi. Jina na namba ya pasipoti viandikwe sawasawa na ilivyo kwenye pasipoti yenyewe, kwa sababu askari wa getini watalinganisha. Kumbuka pia siku za kufungwa: hifadhi za Madhya Pradesh, kama Kanha na Bandhavgarh, hufunga Jumatano alasiri, Tadoba hufunga Jumanne. Baada ya hapo ndipo utafute malazi karibu na lango ulilopata. Kanha, kwa mfano, lango la Khatia na lango la Mukki yako mbali sana kwa barabara.

Hatua ya 4: Nyaraka. Omba viza mapema. Anayetoka Kenya, Uganda au Kongo abebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano, iliyochomwa siku 10 au zaidi kabla ya kufika. Kutoka Nairobi kuna ndege ya moja kwa moja hadi Mumbai. Hapo unaunganisha hadi Nagpur au mji wa Jabalpur.

Hatua ya 5: Ndani ya msitu, tumia masikio. Hapa ndipo aliyezoea Serengeti anahitaji kubadilika. Kule macho hufika mbali; huku msitu hufunga kila kitu hatua chache kutoka barabarani. Mwombe mwongoza wageni azime gari na msikilize. Chital, paa mwenye madoa meupe, hutoa mlio mkali wa ghafla. Langur, tumbili mwenye uso mweusi, hukohoa kutoka juu ya mti, na yeye anaona mbali kuliko ninyi. Sambar, paa mkubwa, akilia tena na tena, chukulia kwa uzito mkubwa, maana si mwepesi wa kushtuka bure. Kisha tazameni nyayo mchangani: zipo juu ya alama za matairi ya leo, au chini yake?

Usimshinikize dereva akimbize gari. Wala msizibe njia ya mnyama anayevuka. Mwacheni apite, mara nyingi atatembea barabarani mbele yenu kwa muda.

Vaa rangi za majani na udongo. Desemba na Januari beba koti zito, kofia na glavu: gari ni la wazi na alfajiri ya Kanha hukaribia kuganda.

Ukibakiwa na siku mbili tatu, nenda hifadhi ya Satpura. Huko unaruhusiwa kutembea kwa miguu na mwongozaji, na kupanda boti pia.