Kinga kliniki ya meno wakati wa janga: anza na ukungu, gauni lifuate

Dreli tunayochimbia meno huzunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika, na muda wote huo inamwagiwa maji ili jino lisiungue. Maji hayo hukutana na mate, damu na vumbi la jino, kisha yote hupanda hewani kama ukungu. Matone makubwa huangukia bibu ya mgonjwa, miwani yako na taa. Yale madogo mno huelea, na yanaweza kubaki chumbani hata baada ya mgonjwa kulipa na kuondoka. Skela ya mtetemo, ile mashine ya kuondolea ugaga, hufanya vivyo hivyo, na bomba la maji na hewa pia.

Nimeandika mwongozo huu kwa wenzangu wenye kliniki ndogo kama yangu: viti viwili, msaidizi mmoja kwa kila kiti, bajeti ya kubana. Msingi wake ni tuliyoyafanya Dar es Salaam tangu Machi 2020, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kuwa UVIKO-19 ni janga la dunia. Siku zile wengi wetu tulikimbilia kununua magauni. Nami nilikimbia hivyo hivyo, na fedha nyingi ikaishia hapo kabla sijajiuliza ukungu wenyewe unatoka wapi na unaelekea wapi. Ndiyo maana katika mpangilio wangu mavazi yanakuja hatua ya nne.

Hatua ya 1: Mchambue mgonjwa kabla hajafika

Mpokeaji simu awe na maswali yake kwenye karatasi. Tangu lini jino linauma? Dawa ya maumivu inasaidia? Uso au shingo imevimba? Kuna homa, kikohozi, koo kuwasha, kupoteza harufu? Nyumbani kuna mgonjwa?

Mwezi Agosti 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba pale ugonjwa unaposambaa katika jamii, huduma za kinywa zisizo za lazima zisogezwe mbele. Usafishaji wa kawaida, urembo wa meno na ukaguzi wa miezi sita vinaweza kusubiri. Visivyosubiri ni hivi: uvimbe unaotambaa, damu isiyokata, maumivu yasiyosikia dawa, taya lililovunjika, na jino lililong'oka kwa ajali. Huyo wa jino mwambie alishike sehemu ya juu bila kugusa mzizi, aliweke kwenye maziwa, aje mara moja. Kila dakika ina thamani. Anayeshindwa kumeza au kufungua kinywa, au aliyevimba chini ya ulimi, usimwite kliniki. Mwelekeze hospitali kubwa papo hapo, maana uvimbe huo unaweza kuziba njia ya hewa.

Mlangoni pima joto, lakini kwa busara. Mgonjwa aliyetembea juani kutoka kituo cha daladala atakuonyesha namba ya uongo. Mkalishe kivulini dakika kumi, kisha pima tena. Na homa inaweza kutoka kwenye jipu la jino lenyewe, kwa hiyo usimfukuze mama wa watu kwa sababu ya 37.8 bila kumtazama shavu.

Hatua ya 2: Jua upepo wa chumba chako unakokwenda

Hapa ndipo kliniki nyingi za mjini zinapoanguka. Tumefunga madirisha, tumewasha kiyoyozi, tukidhani hewa inabadilika. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hakileti hewa kutoka nje. Kinachukua hewa ile ile ya chumbani, kinaipoza na kuirudisha, pamoja na ukungu wake.

Kipimo changu cha kwanza hakigharimu kitu. Washa udi au ubani pale kichwa cha mgonjwa kinapolala, fungua madirisha kama utakavyofanya kazini, halafu kaa uangalie moshi. Ukija usoni kwako, unakaa upande mbaya. Ukiingia sebule ya kusubiria, wagonjwa wengine watavuta kila unachotoa kinywani mwa huyu. Unachotaka ni upepo utoke kwako, upite kwa mgonjwa, uupeleke moshi dirishani. Nilipojaribu kwangu, moshi ulinyooka hadi mapokezi. Tukageuza kiti, tukaweka feni dirishani ikitazama nje, mlango wa ndani ukawa unafungwa wakati wote wa tiba.

Kama una feni ya kutolea hewa, piga hesabu. Chumba cha mita 3 kwa 4, dari mita 3, kina mita za ujazo 36. Feni inayotoa mita za ujazo 216 kwa saa itabadilisha hewa hiyo mara 6 kwa saa. Kwa kasi hiyo, kuondoa asilimia 99 ya chembe zinazoelea huchukua dakika 46. Hewa ikibadilika mara 12, ni dakika 23. Ikibadilika mara 2 tu, ni dakika 138. Hizo ndizo dakika chumba kinapaswa kupumzika baada ya dreli, kabla ya mgonjwa mwingine kuingia na kuvua barakoa. Ukiwa na viti viwili katika vyumba viwili, unaweza kupokezanisha: kimoja kikipumua, kingine kinafanya kazi. Vikiwa chumba kimoja bila ukuta kati yake, tumia kimoja. Najua hilo linauma mfukoni, nami lilinigusa, lakini pazia halizuii ukungu.

Hatua ya 3: Usitengeneze ukungu usiohitajika

Kabla ya kugusa dreli, jiulize kama kazi hii inaweza kufanyika kwa mkono. Mara nyingi inaweza.

Na katika hili Dar es Salaam tuna haki ya kutembea vifua mbele. Katikati ya miaka ya 1980, daktari kutoka Uholanzi, Jo Frencken, akiwa chuo cha udaktari wa meno hapa hapa jijini, alianza na wenzake kujaribu njia ya kuziba meno mahali pasipo na umeme. Unakwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono, kisha unaziba kwa simenti ya glasi ayonoma ukiikandamiza kwa kidole. Njia hiyo, inayojulikana kama ART (Atraumatic Restorative Treatment kwa Kiingereza), ilienea duniani, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe. Ilibuniwa kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme wala maji ya bomba. Miaka thelathini na zaidi baadaye, janga lilipokuja, ikawa miongoni mwa njia ambazo shirika hilo lilishauri zitumike kila mahali, kwa sababu isiyo na dreli haina ukungu.

Kwa hiyo tundu dogo au la kati, hasa kwa mtoto: vifaa vya mkono na glasi ayonoma. Jino la mtoto lililooza ambalo halijaanza kuuma: dawa ya fedha yenye floraidi, ukimweleza mzazi mapema kwamba sehemu iliyooza itabaki nyeusi. Ugaga: kwangua kwa skela za mkono, hata kama ni kazi ndefu na kiganja kitalalamika. Kung'oa jino: tumia koleo na nyenzo ya kulegeza jino, ukikata mfupa kwa dreli pale tu pasipo na njia nyingine, na ushone kwa uzi unaoyeyuka wenyewe ili mgonjwa asirudi kwa ajili ya kutolewa nyuzi. Picha ya eksirei ikihitajika, ile ya mashine inayozunguka kichwa ni bora kuliko filamu ya ndani ya kinywa inayomfanya mtu akohoe na kutaka kutapika.

Hatua ya 4: Kuvaa

Saa, pete na bangili ziachwe nyumbani. Kucha fupi. Nywele zote ndani ya kofia, na kwa dada zetu wanaovaa hijabu, iwe fupi, safi, ya kubadilishwa kila siku, ikiingia ndani ya gauni.

Nawa mikono. Vaa gauni la mikono mirefu, funga shingoni na kiunoni. Kisha barakoa. Kwa kazi ya dreli au skela ya mtetemo, iwe N95, inayochuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo, au FFP2 iliyo karibu nayo sana. Barakoa ya upasuaji huacha mianya mashavuni. Inafaa kwa ukaguzi na mapokezi.

N95 isiyobana usoni haina maana, kwa hiyo usiruke kipimo hiki hata mgonjwa akiwa analia. Kamba ya juu ipite juu ya masikio, ya chini shingoni, zisipishane. Bana waya wa puani kwa vidole vya mikono yote miwili. Funika barakoa kwa viganja, toa pumzi kwa nguvu: ukisikia hewa machoni au mashavuni, irekebishe. Vuta pumzi: inapaswa kunywea kidogo kuelekea usoni. Miwani ikipata ukungu, ujue juu kunavuja. Na ndevu, ndugu zangu, huvunja huo mkazo hata zikiwa fupi. Mwenye kuzitunza kwa ajili ya dini simlazimishi, ila asiingie kwenye kazi ya dreli kwa kutegemea N95; afanye zile za mkono, mwenzake achukue za mashine.

Baada ya barakoa, miwani ya kinga au ngao ya uso, na mwisho glavu zikifunika pindo la gauni. Jozi moja inatosha. Glavu mbili zilitufanya tujiamini kupita kiasi, tukawa tunashika simu kwa zile za juu.

Barakoa zikiadimika, kila mtu awe na tano, kila moja kwenye mfuko wake wa karatasi wenye jina na siku. Ya Jumatatu irudi kuvaliwa Jumatatu ijayo, si zaidi ya mara tano kwa jumla, na ikilowa au kulegea itupwe. Mfuko uwe wa karatasi, maana plastiki hutunza unyevu. Kamwe usiipulizie spiriti wala Jik: spiriti huua chaji ya umeme iliyo kwenye nyuzi zake, na chaji hiyo ndiyo inayonasa chembe ndogo. Itabaki na sura ile ile huku imeshakufa.

Hatua ya 5: Mgonjwa akiwa kitini

Asukutue kwa dakika moja. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa, kipimo kimoja kwa maji safi vipimo viwili, hukupa asilimia 1. Hii hupunguza vijidudu vya kinywani kwa muda tu, na haichukui nafasi ya barakoa. Asiteme kwenye sinki. Fyonza kwa saksheni.

Panga vyombo vyote mezani kabla ya kuanza. Kila droo inayofunguliwa katikati ya kazi ni glavu yenye mate inayogusa mahali pasafi. Dreli ikilazimika, tenga jino kwa raba, yaani kipande chembamba cha mpira kinachofunika kinywa na kuliacha jino peke yake, kwa sababu mate yakibaki nyuma ya raba, kinachoruka ni maji ya mashine na vumbi la jino. Msaidizi akae na saksheni yenye mdomo mpana karibu kabisa na dreli, na mkono wake usihame. Ile ndogo ya kuning'inia mdomoni inafyonza mate. Ukungu inauacha upande. Kwenye bomba la hewa na maji, usifungulie vyote viwili pamoja. Kausha kwa pamba.

Hatua ya 6: Kuvua

Nimeona wengi waliovaa vizuri wakijichafua hapa. Msaidizi wangu mmoja, baada ya saa mbili za joto, alivuta barakoa kwanza kwa glavu zile zile ili apate pumzi. Sikumlaumu, nilikuwa sijampa mahali pa kuvulia wala muda wa kutulia. Tangu hapo kila kazi ndefu ina dakika tano za kuvua, na mpangilio umebandikwa ukutani.

Glavu kwanza, ukiigeuza nje ndani. Sanitaiza. Ngao au miwani, ukishika kwa nyuma. Gauni, ukilifungua na kulikunja ndani nje mbali na mwili. Sanitaiza tena. Toka chumbani, funga mlango. Barakoa ndiyo ya mwisho: inama kidogo, toa kamba ya chini, kisha ya juu, bila kugusa mbele. Nawa kwa maji na sabuni.

Hatua ya 7: Kusafisha

Chumba kikishapumzika, ondoa uchafu kwa sabuni na maji, maana klorini haifanyi kazi juu ya uchafu. Kisha pukusa, yaani ua vijidudu, kwa Jik. Soma nguvu ya Jik kwenye chupa. Nyingi za kwetu ni asilimia 3.5. Gawanya kwa nguvu unayotaka, toa moja, hayo ndiyo maji. Kwa nyuso za kawaida unataka asilimia 0.1: 3.5 gawanya kwa 0.1 ni 35, toa 1, kipimo kimoja cha Jik kwa maji 34. Kwa ndoo ya lita 10, ni mililita 290 hivi za Jik, kisha jaza maji. Kwa damu iliyomwagika unataka 0.5: kipimo kimoja kwa maji 6.

Changanya kila siku, usichanganye na siki wala dawa nyingine ya choo, na usipulizie; futa kwa kitambaa, kutoka pasafi kwenda pachafu. Acha pabaki pamelowa. Mimi huacha dakika kumi, kisha nafuta chuma kwa maji ili kisiote kutu. Swichi na mpini wa taa, tumia spiriti ya asilimia 70.

Dreli zenyewe ziingie kwenye otokilevu, mashine inayoua vijidudu kwa mvuke wa moto, baada ya kila mgonjwa. Kuzifuta kwa spiriti hakutoshi, kwa sababu hunyonya mate ndani zinaposimama. Kabla ya kuichomoa, iache imwage maji kwa sekunde 20 hadi 30. Kwenye 121°C, vyombo vilivyo ndani ya mifuko vinahitaji dakika 30, zikihesabiwa joto likishafika na si tangu ulipobonyeza swichi.

Sindano ziende kwenye boksi la usalama, lisijazwe kupita robo tatu. Pamba, raba na gauni la kutupwa, mfuko wa manjano. Anayebeba mifuko hiyo jioni apewe glavu nzito, buti na barakoa kama sisi, na afundishwe kuvua kama sisi, kwa sababu yeye ndiye anayerudi nyumbani baada ya kugusa uchafu wetu wote wa siku nzima.